Jeneza la Magurudumu Matatu: Sala ya Saa Moja na Nusu

Tulipoachana Jumamosi iliyopita, Agnella alikuwa kichwa chini miguu juu katikati ya jaruba la mpunga, amefungiwa ndani ya baiskeli yake mwenyewe, na maji ya tope yalikuwa yanaingia taratibu kupitia tundu la kanyagio.

Hatutamwacha humo. Lakini kwa wewe uliyeliokota gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, pengine limekujia limefungia maandazi, mambo yenyewe yako hivi.

Agnella ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, mkazi wa Michenga, mkaguzi wa ubora katika kiwanda cha kukoboa mpunga cha Bwana Silvano, pale Ifakara. Miaka mitatu nyuma bodaboda ilimvunja nyonga. Tangu siku hiyo hawezi kukaa wima robo saa bila kuuma meno. Pikipiki hapandi tena, na baiskeli ya kawaida usimtajie. Ila akilala chali, miguu yake inakanyaga kuliko ya kijana. Basi mdogo wake Nazari, fundi wa kuchomelea kule Lumemo, akamtengenezea baiskeli ya kulalia. Ina magurudumu matatu na kiti cha kuegemea, na mwili mzima umefunikwa ganda la bati la alumini lenye kioo cha plastiki mbele, ili mvua na tope visimguse.

Mji wa Ifakara ukaitazama baiskeli hiyo mara moja tu, ukaiita jeneza.

Tafadhali tuelewane. Huu ni mji ambao hata mbuzi anasafiri kwa baiskeli. Mtu anapakia magunia mawili ya mkaa, mke na godoro juu ya baiskeli isiyo na kengele wala breki, anaanguka mara tatu kabla ya kufika sokoni, halafu akiona baiskeli yenye paa anashika mbavu kwa kucheka. Miezi minane Agnella alikwenda kazini na kurudi akiwasikiliza watu wa namna hiyo. Aliwadharau wote kwa pamoja, bila kubagua kabila wala dini.

Asubuhi hiyo ya Juni pikapu nyeupe ya kiwanda ilimfuata kutoka njia panda ya Michenga. Ikamsogelea kwa nyuma mpaka akasikia joto la injini kwenye bati. Alipobana breki ili ajibanze pembeni, mishikio yote miwili ikalegea mkononi kama ya mwanasesere. Baiskeli ikaruka tuta. Pikapu ikaendelea na safari yake bila hata kupunguza mwendo.

Sasa tuendelee.

Kitu cha kwanza Agnella alichofanya ni kutafuta simu. Ilikuwa imening'inia shingoni, imemgonga puani. Akampigia Nazari mara mbili. Ya pili ikapokelewa, akamwambia alipo, na salio likaisha hapo hapo. Kisha akasukuma kifuniko kwa magoti. Hakikwenda popote. Bawaba zilikuwa zimezama kwenye tope, na uzito wote wa baiskeli ulikuwa juu yake.

Maji yakamfikia sikio.

Juu ya tuta sauti zikaanza kukusanyika. Walikuwepo bodaboda wawili, mwuza kuku mmoja, na wanaume watatu wanne ambao kazi yao haikujulikana. Walibishana. Mmoja alisema hilo ni jeneza kweli, limeanguka kwenye gari la msiba, wasiguse mpaka polisi waje. Mwingine akasema si jeneza, ni lile dude la yule mama wa kiwandani. Wa tatu akawaomba wasogee kidogo, wanamzibia, anarekodi.

Agnella aliwasikia wote. Akavuta pumzi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile anayotumia kazini kuwaambia wapakiaji kwamba gunia limelowa:

"Mimi ni mzima. Shukeni mgeuze hiki kitu."

Wakakimbia. Wanaume wazima, wenye ndevu. Mmoja aliacha kandambili yake kwenye tope. Walipofika umbali wa kutupa jiwe wakasimama, wakageuka, na wakaendelea kurekodi.

Aliyeshuka alikuwa mwanamke. Jina lake Merina, na lile jaruba lilikuwa lake. Alikuwa anakuja kuvuna, mundu kiunoni na fimbo ya kupigia mpunga begani, akakuta robo ya mpunga wake imelala chini ya bati. Hakupiga kelele. Alilizunguka lile ganda mara moja, akaligonga kwa fimbo.

"Kichwa chako kiko upande gani?"

"Upande huo huo uliogonga, mama."

"Basi kisogeze, nisije nikakitoboa."

Akachomeka fimbo chini ya ukingo, akaning'iniza uzito wake juu yake. Bati likalia. Maji ya nje yakaingia kwa pupa, Agnella akayameza, akadhani ndio mwisho, kisha mwanga ukaja na mkono mgumu ukamshika kola ya koti.

Alipotapika tope alilomeza, Merina aliwageukia wale wanaume. Hakuwatukana. Aliwauliza tu kama simu zao zinaweza kushikwa na mkono mmoja, maana mkono wa pili unahitajika huku chini. Wakashuka wakiangalia pembeni, wakainua baiskeli, wakaipandisha barabarani. Mmoja wao, aliyekuwa amekimbia mbali kuliko wenzake, akashangaa kwa nini ni nyepesi hivyo.

"Kwa sababu haijabeba mjinga," alijibu Agnella, na akainama kutazama breki.

Nyonga ilikuwa inamuwaka. Hakuijali. Alifuata waya wa kulia kwa kidole mpaka unapopita chini ya kiti, akafuata wa kushoto. Zote mbili zilikuwa zimekatwa mahali pamoja. Hazikuwa zimechanika kama waya uliochoka. Zilikuwa zimeumwa kwa koleo, zikaachiwa nyuzi mbili tatu za mwisho ili zikatike zenyewe siku mtu atakapobana kwa nguvu. Ncha zilikuwa bado zinang'aa.

Mtu aliyefanya hivyo alijua waya unapita wapi. Na chini ya lile ganda, mpaka ulifungue, huoni kitu.

Nazari alifika baada ya robo saa, anahema, boksi la vifaa limefungwa nyuma ya baiskeli yake. Alipomwona dada yake amesimama akafunika uso kwa mikono. Alipoziona zile nyaya, mikono ikashuka.

Agnella alimjua mdogo wake tangu anazaliwa. Alimjua akiwa na huzuni, na alimjua akiwa na siri.

"Nani alikuuliza habari za breki?"

Nazari alifungua boksi, akalifunga, akalifungua tena.

"Omega," alisema.

Omega ni mlinzi wa geti la kiwanda. Jumapili iliyopita alikuwa amekwenda karakana kule Lumemo na soda mbili za baridi. Akakaa juu ya gurudumu la trekta, akauliza. Inakataje kona? Mnyororo mrefu hivyo haukatiki? Breki unazipitisha wapi, mbona hazionekani? Miezi minane watu walikuwa wanapita nje ya karakana wakiuliza jeneza la mtoto ni bei gani. Huyu ndiye mtu wa kwanza aliyekaa chini, akasikiliza mpaka mwisho, akamwita Nazari injinia. Nazari akamwonyesha kila kitu. Akamchorea hata ramani, nyuma ya karatasi ya sigara.

"Aliisifia, dada," alisema. "Alisema hajawahi kuona kazi kama hiyo."

Agnella alikuwa ameandaa maneno makali. Alimtazama kijana huyo wa miaka thelathini na tano, mweusi kwa masizi, macho mekundu kwa moshi wa kuchomelea, akaona kwamba mji mzima ulikuwa umemnyima neno moja zuri mpaka akalipokea kutoka kwa mwuaji. Maneno makali yakamwisha.

"Haya, injinia," alisema. "Funga breki."

Nazari akamsihi arudi nyumbani, au aende zahanati, au akakae tu kwa Merina mpaka jioni. Akamkumbusha kwamba watu waliofanya hivi mara moja watafanya tena. Agnella akamjibu kwamba akirudi nyumbani leo, kesho kiwanda kizima kitaambiwa amejiuzulu kwa sababu ya ugonjwa, na mchele utatoka. Nazari akazing'oa nyaya za breki kwenye baiskeli yake mwenyewe, akazifunga kwenye ya dada yake. Yeye alirudi Lumemo akisukuma.

Mchele huo, msomaji, ndio sababu ya yote haya.

Siku tatu kabla, Agnella alikuwa amepita nyuma ya mashine akakuta pumba zina rangi ya waridi. Pumba za mpunga hazina rangi ya waridi. Yenye rangi hiyo ni mbegu, ile inayopakwa dawa ya ukungu na wadudu ili ipandwe shambani, na kila gunia lake huandikwa kwa herufi kubwa kwamba si chakula. Kuna ghala moja huko mbele ya Malinyi lilibakiwa na mbegu iliyopita muda wake. Silvano akainunua kwa bei ya kutupa, akaichanganya na mpunga wa wakulima, akaikoboa. Agnella alipomwonyesha kiganja kilichojaa pumba za waridi, Silvano alitabasamu kama padri anayesikiliza dhambi ndogo. Alisema rangi yote inabaki kwenye pumba. Mchele ni mweupe. Saini, mama.

Hakusaini. Na kuanzia hapo pikapu nyeupe ikaanza kuonekana njia za Michenga.

Safari iliyobaki aliifanya kwa hasira, na hasira inakanyaga vizuri. Ndani ya baiskeli hiyo macho yako yanakuwa usawa wa magoti ya watu. Unauona mji kwa chini: visigino vilivyopasuka, nyaya zilizofungiwa kandambili, matumbo ya malori, soli za wale wanaojiita mabosi. Aliwapita waendesha baiskeli kumi na wawili kabla ya kufika lami. Wote walicheka walipomwona anakuja, na hakuna aliyepata nafasi ya kumaliza kicheko chake kabla hajapotea mbele.

Saa tatu kamili alikuwa mbele ya geti.

Omega alitoka kwenye kibanda akiwa na kikombe cha chai. Aliliona lile bati lililojaa tope na majani ya mpunga. Kifuniko kikafunguka, kichwa cha Agnella kikatokea. Kikombe kikabaki njiani, katikati ya kifua na mdomo.

"Shikamoo, dada," alisema. Hajawahi kumwamkia tangu aanze kazi.

"Marahaba. Naiegesha hapa hapa getini leo. Uniangalizie." Akashuka, akajinyoosha nyonga. "Hasa breki. Unazijua zinapopita."

Kikombe cha Omega kikainama. Chai ilikuwa inamwagika kwenye kiatu chake.

Ndani ya chumba cha ukaguzi, kwenye kiti cha Agnella, ndani ya koti jeupe la Agnella, alikuwa amekaa Aneth. Aneth alikuwa karani wa stoo mpaka jana. Alipomwona mwenye kiti mlangoni, ameloa, ana jani la mpunga kwenye nywele, alilia kwanza kabla ya kusema lolote. Kisha akamkumbatia, koti jeupe likawa la kahawia.

"Tulikuombea, dada Agnella," alisema kati ya kwikwi. "Meneja ametuongoza mwenyewe. Tumesali mpaka wapakiaji wamelia. Alisema umepata ajali mbaya barabarani na hali yako anaijua Mungu."

"Mlisali saa ngapi?"

"Kwenye kikao. Saa moja na nusu, kama kila siku."

Lazima ujue kwamba kiwanda cha Silvano kinaanza kazi kwa sala, saa moja na nusu kamili, na Silvano mwenyewe, mwenye mali na meneja, ndiye anayesalisha. Agnella peke yake ana ruhusa ya kuingia saa mbili kwa ajili ya nyonga. Aliichukua simu yake shingoni, akaifuta tope kwa kidole gumba, akatafuta simu alizopiga.

Simu ya kwanza kwa Nazari, akiwa kichwa chini: saa moja na dakika hamsini na mbili.

Alisoma mara mbili. Halafu akamwomba Aneth amwazime kitambaa cha kujifutia uso, kwa sababu kuna watu ambao hupaswi kuwaendea ukiwa na tope.

Ofisini kwa meneja kulikuwa na mgeni. Alikuwa Sista Balbina, mwanamke mfupi wa miaka sitini hivi, anayeendesha hosteli ya watoto wa shule ng'ambo ya mto Lumemo. Watoto mia moja na arobaini, wengi wao wa wavuvi na wakulima wa mbali, wanakula mikononi mwake. Mbele yake palikuwa na chai, chapati, na karatasi ya kusaini. Silvano alikuwa amekaa upande wa pili, shati jeupe, rozari mezani mahali ambapo mteja hawezi kukosa kuiona.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista," alisema Agnella mlangoni.

"Milele na milele, amina. Mwanangu, umepatwa na nini?"

Silvano alisimama. Tutampa haki yake: uso wake ulichelewa nusu sekunde tu, ukajipanga. Alifungua mikono yote miwili, akamshukuru Mungu kwa sauti, akamweleza Sista kwamba huyu ndiye mwenzao waliyekuwa wanamlilia asubuhi, na kwamba sala zimesikika. Akamwambia Agnella akapumzike nyumbani, wiki nzima, atalipwa. Tena ile baiskeli wataiweka makumbusho. Akacheka.

Agnella hakucheka.

"Meneja, nani alikuletea habari za ajali yangu?"

"Habari za ajali zinafika zenyewe, mama. Ifakara ni ndogo."

"Ni ndogo kweli. Mlisali saa moja na nusu." Akaiweka simu mezani, kando ya rozari, akaigeuza upande wa Sista. "Mimi nimeanguka saa moja na dakika hamsini. Mliniombea dakika ishirini kabla sijaanguka."

Nje mashine iliendelea kukoboa.

Silvano alisema mtu aliyegonga kichwa huchanganya saa. Alisema hayo akimtazama Sista, si Agnella, na akaisukuma ile karatasi mbele kidogo. Cheti kilikuwa tayari kimesainiwa na mkaguzi mpya, Aneth, kila kitu kiko sawa, magunia hamsini yanapakiwa sasa hivi.

Sista Balbina hakuigusa karatasi. Alikuwa ameitazama simu kwa muda, midomo inahesabu.

"Kuna nini kwenye mchele?" aliuliza.

Agnella akamweleza. Hakutumia maneno mengi: mbegu, dawa, pumba za waridi, saini iliyokataliwa. Sista alisikiliza bila kupepesa. Rangi ikawa inamtoka usoni kadiri maneno yalivyoendelea, na Agnella akadhani ni hasira, mpaka yule mama alipotazama saa ya ukutani.

"Magunia kumi nilishayapokea jana mchana," alisema Sista. "Wameloweka mchele jana jioni. Leo ni siku ya vitumbua."

"Wanakula saa ngapi?"

"Saa nne."

Ilikuwa saa tatu na dakika kumi na tano.

Sista alikwishatoa simu. Ya jikoni iliita mpaka ikakata, ikaita tena ikakata. Ya mlezi wa watoto ilikuwa imezimwa. Akanyanyuka kwenda kwenye gari lake, na dirishani akaliona: lori la magunia limeegeshwa nyuma yake, limeziba njia yote, na dereva hayupo. Silvano alikuwa ameinua simu yake ya mezani. Alizungumza kwa upole uleule wa sala.

"Geti lifungwe. Mtu asitoke mpaka tumalizane kiungwana."

Agnella hakusubiri uungwana. Alishuka ngazi akishikilia nyonga, akakatiza uwanja wa kuanikia mpunga, wapakiaji wakimtazama kama waliyemzika. Kizuizi cha geti, bomba la chuma jekundu, kilikuwa kimeshushwa na kufungwa kwa kufuli. Omega alisimama mbele yake, rungu mkononi.

Agnella alilala ndani ya baiskeli, akafunga kifuniko.

Omega alinyoosha mkono kumzuia, kama unavyomzuia mtu wa pikipiki, usawa wa kifua. Bati likampitia magotini, akaruka pembeni kuokoa miguu. Lile bomba likapita juu ya ganda kwa upana wa vidole viwili. Kuna faida kwenda kazini umelala.

Nyuma yake alisikia pikapu ikiwashwa, ikafika kwenye bomba, ikapiga honi. Akasikia Silvano akiuliza ufunguo wa kufuli uko wapi. Hakusikia Omega akijibu.

Kutoka kiwandani mpaka hosteli ni kilomita saba, tatu za lami na nne za mashimo. Hakumbuki lami. Anakumbuka mashimo, kila moja, kwa sababu kila moja lilimchoma nyonga kwa namna yake. Kwenye daraja la Lumemo wauza samaki walimpisha wakipiga miluzi na kuuliza marehemu anawahi wapi. Aliwapita na kuwaacha na samaki wao.

Saa nne kasoro dakika tano aliingia uwanja wa hosteli. Kengele ilikuwa inalia. Mstari wa watoto wenye sahani za bati ulizunguka jiko mpaka nyuma ya tanki la maji, na mlangoni mpishi, mama mnene anayeitwa Violeth, alikuwa ameshika beseni la vitumbua kwa mikono miwili.

Agnella alijaribu kufungua kifuniko apige kelele. Bawaba iliyopinda asubuhi ikakwama. Akapiga bati kwa ngumi kutoka ndani.

Mtoto mmoja akageuka. Akaangusha sahani. Wengine wakageuka, na mstari wote ukavunjika kama tuta la mchanga. Watoto mia na zaidi wakaja mbio, wanacheka, wanasukumana, wanagonga bati, wanachungulia kwenye plastiki kuona kama aliyemo ana miguu. Jikoni akabaki Violeth peke yake na beseni lake, hajui amgawie nani.

Kwa mara ya kwanza katika miezi minane, Agnella alilala kimya akawaacha wacheke.

Wavulana wakubwa wakakivuta kifuniko kikafunguka. Akatembea mpaka jikoni akiegemea bega la mmoja wao, akamwuliza Violeth kama huo ni mchele wa magunia mapya. Violeth akasema ndiyo, wa jana, mzuri kweli, umeumuka vizuri. Agnella akalichukua beseni mikononi mwake, akalimwaga lote kwenye shimo la majivu. Ndipo alipokaa chini, juu ya kuni.

"Hakuna aliyekula," alisema. Hakuwa anauliza.

"Hakuna," alisema Violeth, bado anakodolea shimo la majivu. Halafu akafuta mikono kwenye kanga, taratibu. "Labda wale wadogo wa chekechea. Hao huwa tunawatangulizia saa tatu."

Agnella hakujua alisimamaje. Chumba cha chekechea kilikuwa upande wa pili wa uwanja, mlango wa bluu umerudishiwa. Mezani kwenye kibaraza palikuwa na beseni jingine, dogo, limebaki mafuta tu. Akausukuma mlango.

Watoto thelathini na mmoja walikuwa wamelala juu ya mikeka, safu tatu, kimya.

"Kwa kawaida hulala saa sita," alisema Violeth nyuma yake. "Leo sijui kwa nini wamewahi."